Ufunguo wa Pipa

Gongoni, ukitoka Malindi ukielekea Garsen,
ardhi ni nyeupe kuliko sanda
na maji yote uyaonayo ni ya kukausha, si ya kunywa.
Ya kunywa yalikuwa ndani ya pipa moja la buluu
lenye kifuniko cha bati na kufuli,
na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Bwana Mwaringa
kama hirizi.

"Hamlipwi kunywa," alisema.
Akatuhesabu kwa gunia, kwa chaki, ubaoni:
Jumwa kumi na nane. Kahaso kumi na tatu, MVIVU.
Neno hilo hakulifuta hata mwezi ulipogeuka.
Visigino vyetu vilipasuka, chumvi ikaingia mle
ikakaa kama mpangaji asiyelipa.

Alitaka uzito. Tukampa uzito.
Sepetu ya kwanza, tope;
juu yake chumvi safi, ya kuonyesha;
mshono wa mdomo wa gunia umenyooka kama safu ya sala.
Hakuna aliyemfundisha mwenzake.
Macho yalikutana tu, na reki zikapunguza mwendo
kivuli chake kilipogeukia ofisini.
Tulikuwa hodari sana, msidhani.
Kuiba saa moja ndani ya saa kumi kunataka akili.

Kisha akaja Nyevu,
sauti ya kukwaruza, hasira za karibu.
Siku ya kwanza alivua viatu
akaingia bwawani nasi, akavuta reki hadi saa sita.
Akatoka akichechemea. Hakusema neno.
Alichukua nyundo stoo, akalivunja kufuli.
Wiki iliyofuata yakaja mabuti, jozi kumi na tisa
kwa watu ishirini na wanne;
tukapokezana, tukagombana,
tukacheka buti la Charo liliponasa topeni
na yeye akaendelea kutembea bila habari.

Simsifu kupita kiasi.
Charo huyo huyo alimkata mshahara wa siku
kwa kuchelewa mara tatu.
Alimwita, akamsikiliza mpaka mwisho,
na bado akamkata.
Charo alinung'unika mpaka Ijumaa.
Gunia lake halikuwa na tope.

Hakuna aliyetangaza kwamba tope sasa basi.
Liliisha lenyewe. Sikumbuki siku.

Mwenye kampuni alikuja toka Mombasa na miwani yake myeusi,
akachota chumvi kiganjani, akaichezesha,
akasema: "Mwaka huu jua limefanya kazi."
"Ndiyo, bwana," Nyevu akaitikia. "Jua."
Akatutupia jicho.
Tukaziba vicheko kwa ncha za leso.

Alipohamishwa, ubao nikapewa mimi.
Kwenye droo, chini ya risiti za dizeli,
nikaukuta ule ufunguo, umeshika kutu.
Kufuli lake halipo tena duniani.
Sikuutupa. Sijui kwa nini.

Halafu siku moja ya Februari: malori mawili langoni,
simu hailali, madereva wanapiga honi,
na Mbodze anaelekea pipani
mara ya tatu kabla ya saa nne.
Mdomo ukafunguka wenyewe:
"Hamlipwi kunywa."

Sauti ilikuwa yangu.
Hakuna aliyejibu.
Mbodze alikiweka kikombe chini taratibu,
kama mtu arudishaye kitu cha kuazima.
Nikataka kumwita. Honi ikalia tena.

Jioni magunia yalikuwa mengi kuliko jana,
yameegemea ukuta, mishono imenyooka.
Dereva akanipongeza.
Nikangoja ageuke, nikakata uzi wa moja,
nikazamisha mkono hadi kwapani.

Ukatoka mweusi.

Nililijua tope lile.
Nami niliwahi kuwa hodari.